Watu Mia Moja Themanini na Wanane

Sajini alikuwa na mtuhumiwa, alikuwa na kielelezo, alikuwa na picha za kamera, na saa ilikuwa bado tatu kasoro robo asubuhi. Alimpokea mkuu wake mlangoni mwa chumba cha walinzi wa jengo la mikutano, meno yote nje.

“Afande, hii kesi imeshaiva. Bado kupakua tu.”

“Kwa nini imeiva haraka hivyo?” Inspekta aliuliza.

Ndiyo sababu kituoni walimwita Bi Kwanini. Yeye alilijua jina hilo na hakulionea kosa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko kazi zake, na katika miaka ishirini na sita ya upelelezi alikuwa hajawahi kuipenda kesi iliyoiva kabla ya chai.

Mambo yalikuwa hivi. Ghorofa ya pili ya jengo lile la mikutano, wajumbe wa nchi tano walikuwa wamekaa siku nne wakigawana watu waliookolewa baharini: nani atakwenda kuishi nchi gani. Meli ya mizigo iliyowaokoa ilitia nanga nje ya bandari, na ukisimama dirishani uliiona bila shida. Kibali chake cha kukaa pale kilikuwa kinaisha leo saa sita mchana. Mkataba ukisainiwa kabla ya saa hiyo, meli inaingia gatini. Usiposainiwa, boti za doria zinaisindikiza kurudi bahari kuu, na maji ya kunywa yaliyobaki yalikuwa ya siku moja. Hadi jana jioni kila kitu kilikuwa tayari. Leo saa moja na nusu bahasha ikaletwa mapokezi, ndani yake barua ya daktari wa meli, kwamba mle melini kumeingia kipindupindu. Kufika saa mbili wajumbe wote walikuwa wamevaa barakoa, na hakuna aliyetaka hata kuiangalia kalamu. Walinzi wakaita polisi, kwa sababu usiku huo hakuna boti iliyoonekana ikitoka melini.

“Na aliyeileta ndiye huyu,” Sajini alisema, akaonyesha benchi.

Kwenye benchi alikaa kinyozi. Walinzi walimjua. Tangu meli itie nanga alikuwa anasimama ng'ambo ya lango kutwa nzima, kwa sababu mkewe na wanawe wawili walikuwa ndani ya meli ile. Yeye mwenyewe alikuja kwa njia hiyohiyo miaka miwili nyuma, akapewa kibali, akafungua kibanda cha kunyolea nyuma ya soko.

“Bahasha umeleta wewe?” Bi Kwanini alimuuliza.

“Nimeleta mimi, mama. Nimeshamwambia huyu kaka mara mbili.”

“Ulijua ndani kuna nini?”

“Ilikuwa imefungwa kwa gundi. Nilijua kuna heri. Ndivyo nilivyoambiwa.”

“Na nani?”

“Na yule bwana.”

Sajini alikohoa. “Wote huwa wanaye yule bwana, afande.”

“Sajini, mtu anayetaka mkewe ashuke, kwa nini alete karatasi ya kumzuia asishuke?”

Sajini alifikiri. “Labda ameoa mwingine.”

“Nenda kalete chai.”

Sajini alipotoka, Bi Kwanini alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na kinyozi, akamweleza barua inasema nini. Alimweleza polepole, bila kuipamba. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama mkono wake wa kulia.

“Kwa mkono wangu mwenyewe?” alisema. Akalia, waziwazi, bila kujifunika.

Bi Kwanini alimwacha alie. Alipoona ametulia kidogo, alifungua daftari.

“Sasa nisaidie nikusaidie. Huyo bwana mlikutana wapi?”

“Pale kona, kwenye kibanda cha fotokopi. Saa moja asubuhi. Akaniambia, wewe si ndiye unayewasubiri wa melini? Peleka hii mapokezi, sema imetoka kwa daktari wa meli. Hii ndiyo itakayowashusha watu wako.”

“Sura yake?”

“Barakoa, miwani myeusi, kofia mpaka kwenye nyusi. Ukinionyesha sura yake sasa hivi simjui.”

“Basi hatuna kitu.”

“Tunacho, mama.” Kinyozi alijifuta macho kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu aliye kazini. “Aliponipa alinigeuzia kisogo akaondoka. Mimi uso wa mtu nauona kwenye kioo tu. Ninachokifahamu ni kisogo. Huyo bwana nyuma amemalizwa kwa duara, siyo mraba. Aliyemnyoa anatumia mkono wa kushoto, mstari unapanda upande wa kulia. Na chini ya sikio la kulia kuna vipele vya wembe vya siku nyingi, mtu akavimwagia spiriti kali, ngozi ikaungua. Imebaki baka, kama la chapati. Nywele ni za juzi, hazijapita siku tatu.”

Bi Kwanini aliandika yote, hata lile baka la chapati.

Sajini alirudi na vikombe vitatu, redio ya mkononi kwapani, na habari mpya: mnara wa bandari ulikuwa umempata daktari wa meli kwenye redio. Sauti ilikuja imechoka, ina mikwaruzo, lakini imenyooka. Hakuandika barua yoyote. Hana mgonjwa wa kuhara. Ana vidonda, ana homa tatu, ana mtu aliyevunjika mkono.

“Wajumbe wamekwishaambiwa hayo,” Sajini alinong'ona. “Wanasema daktari anayetaka kuingia gatini atasema nini kingine? Na maabara ya bandari inataka siku mbili.”

Bi Kwanini alikuwa ameshika nakala ya barua mkononi. Alisoma tena mstari wa pili, kisha akabonyeza kitufe cha redio.

“Daktari, una watu wangapi humo?”

“Mia mbili na kumi na wanne, ukitoa mabaharia.”

“Una hakika?”

“Mama, nagawa maji asubuhi na jioni. Vikombe mia mbili na kumi na vinne. Nikikosea kimoja naambiwa.”

Bi Kwanini aliweka redio mezani, akamsogezea Sajini barua, akaweka kidole kwenye mstari. Iliandikwa: *Kati ya watu mia moja themanini na wanane waliomo melini, tisa wameonyesha dalili.*

“Amekosea hesabu,” Sajini alisema.

“Daktari anayegawa maji kwa vikombe amewasahau watu ishirini na sita?”

“Basi siyo yeye.”

“Siyo yeye. Lakini mwongo naye huwa anaitoa namba mahali. Kwa nini mia moja themanini na nane? Kwa nini asiseme mia mbili, tukalala?”

*

Mwandishi wa kumbukumbu za mkutano alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa ameandika mikutano mingi mpaka akaacha kushangazwa na binadamu. Ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kimejaa mafaili hadi juu ya kabati. Bi Kwanini hakumwonyesha barua. Alimtajia namba tu.

Mzee alifunga mlango. “Nani amekupa namba hiyo? Hiyo ni ya ndani.”

“Ndani kiasi gani?”

“Ndani kabisa. Pale ukumbini simu zinaachwa mlangoni, kwenye sanduku. Namba hiyo haijawahi kutoka.”

“Na maana yake nini?”

“Nafasi.” Mzee alikaa. “Mabwana hawa hawagawani watu, bibi. Wanagawana nafasi. Mtoto chini ya miaka miwili hapewi nafasi, anakwenda na mama yake, kama mkoba. Siku ya kwanza ilikuwa kanuni ya mahesabu. Siku ya tatu walishazoea, wakawa wanasema melini kuna watu mia moja themanini na wanane, na hakuna anayeshtuka. Hata mimi nimeiandika hivyo. Mungu anisamehe.”

“Kwa hiyo wakiisoma kwenye barua…”

“Hawataiona. Ni kama kusoma jina lako mwenyewe.”

Bi Kwanini alikunywa chai yake, ambayo alikuwa amekuja nayo ghorofani. Ilikuwa imepoa na hakujali. “Namba hiyo ilidumu mpaka lini?”

Mzee alimwangalia kwa heshima mpya. Akavuta faili. “Hapo sasa umeuliza. Jana saa kumi jioni tuliletewa vyeti vya kliniki vya watoto wa melini. Watoto watatu wameonekana wamepita miaka miwili, wakapewa nafasi. Tangu saa kumi jana ni mia moja tisini na mmoja. Kumbukumbu zilizosahihishwa nimezigawa leo saa tatu.”

“Na barua imefika saa moja na nusu. Kwa hiyo aliyeiandika alikuwa ukumbini jana asubuhi, lakini saa kumi hakuwepo. Nani walitoka mapema?”

“Daftari la mlangoni linasema watatu.” Mzee hakuhitaji kulifungua. “Mkalimani mmoja, binti, sauti ilimkauka akapelekwa kliniki. Mkuu wa itifaki alikwenda bandarini kupanga mapokezi. Na Mshauri wa Mheshimiwa Balozi, alitoka saa nane akisema jino linamuuma.”

“Aliyetoa bahasha ni mwanamume.”

“Wamebaki wawili.”

“Mkuu wa itifaki ana nywele za namna gani?”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Huyo? Inzi akitua anateleza.”

Zilikuwa zimebaki saa mbili na robo.

*

Mtu wa ujumbe wa nchi nyingine ana kinga. Polisi hamkamati, hampekui, hamhoji bila ruhusa ya mkubwa wake. Sajini alilieleza hilo mara tatu walipokuwa wanapanda ngazi, na mara ya tatu Bi Kwanini akamuuliza kama kinga hiyo inafunika na kisogo.

“Haisemi, afande.”

“Basi twende tukatazame.”

Vibanda vya wakalimani vilikuwa juu, nyuma ya ukumbi, vina vioo. Ukikaa mle unawaona wajumbe wote kwa nyuma, safu kwa safu. Kinyozi aliingizwa kwenye kibanda kitupu, cha yule binti aliyekaukiwa sauti. Alisimama, akaanza kushoto kwenda kulia kama anayesoma.

“Yule mzee wa mbele,” alisema, “kinyozi wake anamwibia. Yule mama nywele zake safi. Huyu amejinyoa mwenyewe, tena gizani.”

“Kaka, saa inakwenda,” Sajini alimwambia.

“Namwona, afande. Nilimwona tangu tulipoingia. Nahakikisha tu hayupo wa kufanana naye.” Alinyoosha kidole mpaka kikagusa kioo. “Safu ya pili, nyuma ya yule bibi mwenye kilemba cha kijivu. Duara. Mstari unapanda kulia. Mngoje ageuke.”

Mjumbe mmoja aliita kutoka mlangoni, na mtu wa safu ya pili akageuza shingo. Chini ya sikio la kulia lilikuwepo lile baka.

Kinyozi alishusha mkono. Safari hii hakuwa analia.

“Nishuke nimuulize swali moja tu, mama.”

“Hapana. Swali ni kazi yangu.”

*

Bibi mwenye kilemba cha kijivu ndiye Balozi, mkuu wa ujumbe wake. Alitoka ukumbini kwa kikaratasi cha Bi Kwanini, akakaa kwenye chumba kidogo cha kupumzikia, akasikiliza kila kitu bila kukatiza: vikombe, nafasi, vyeti vya kliniki, jino. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mgongo umenyooka, na alisikiliza kwa kumtazama msemaji puani.

“Kisogo na hesabu,” alisema mwishowe. “Mahakamani ungechekwa.”

“Sendi mahakamani, Mheshimiwa. Saa tano imeshagonga. Nimekuja kwako.”

“Na nikikuambia siamini?”

“Nitakuuliza kwa nini umeshika mkono wa kiti hivyo.”

Balozi aliutazama mkono wake, akakiachia kiti. Kisha akamwambia Sajini amwite Mshauri.

Mshauri aliingia na barakoa. Alikuwa kijana wa haja, suti imekaa, viatu vinaakisi taa. Alipomwona Inspekta alisimama mlangoni.

“Mheshimiwa, huyu hana mamlaka ya kunihoji. Mkataba wa…”

“Hakuhoji,” Balozi alisema. “Nakuhoji mimi. Jino limepona?”

“Limepungua.”

“La upande gani?”

Kilikuwa kitambo kifupi sana, lakini wote wanne walikisikia. “Kushoto.”

“Jana mchana ulisema kulia. Nilikupa karafuu, mwanangu. Ukaitia kulia, mbele yangu.” Balozi hakupandisha sauti. “Miaka kumi na moja umenibebea faili. Nakuuliza mara moja. Barua ile ni yako?”

Mshauri alivua barakoa. Bi Kwanini aliona amekata shauri, na aliona pia kwamba hakuwa mtu mwoga. Hilo lilimuudhi zaidi.

“Uliahidi kuchukua watu arobaini,” Mshauri alisema. “Kwenye korido, kwa mdomo, bila kuuliza serikali nyumbani. Simu zimepigwa usiku kucha, Mama. Ukirudi na watu arobaini kazi yako imekwisha, heshima yako imekwisha. Na neno lako hulirudishi, nakujua. Ilibidi meli yenyewe ikatae. Nilikuwa nakuokoa wewe.”

“Mimi nilikuwa nazama?” Balozi alimuuliza. “Nilikuwa wapi nikizama? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ngozi, nakunywa maji ya chupa.”

Mshauri aliikunja barakoa yake.

Balozi alisimama. Aliichukua barua kwenye mkono wa Bi Kwanini, akakirekebisha kilemba chake mbele ya kioo cha dirisha, akatoka. Bi Kwanini alimfuata mpaka mlangoni mwa ukumbi na hakwenda zaidi, ila mlango ulibaki wazi.

“Waheshimiwa,” Balozi alisema, bila kipaza sauti, “barua hii ni ya uongo na imeandikwa na ujumbe wangu. Sina la kuipunguzia. Tunaomba radhi. Na tunaomba tuwe wa kwanza kusaini.”

Ukumbi ulivuma. Mjumbe mmoja alisimama, yule mzee wa mbele anayeibiwa na kinyozi. Alitaka kujua, kwa heshima zote, kama ujumbe uliodanganya asubuhi unaweza kuaminiwa mchana. Nani atawahakikishia kwamba meli ile ni salama?

“Mwandishi wa barua anajua kuliko sisi sote kwamba ni salama,” Balozi alijibu. “Atasimama chini ya ngazi ya meli, bila glavu, bila barakoa, na atampa mkono kila anayeshuka. Mimi nitasimama wa pili. Mheshimiwa akipenda, nafasi ya tatu iko wazi.”

Mzee wa mbele alikaa. Halafu akaomba kalamu.

Saini ya tano ilitiwa saa sita kasoro dakika kumi na nne. Sajini alitaka kujua mtuhumiwa anaandikwa vipi kwenye ripoti. Bi Kwanini alimwambia aandike kwamba kinyozi ameachiwa huru na kuombwa radhi, na kwamba radhi hiyo ataiomba yeye Sajini mwenyewe, sasa hivi, kabla ya kupanda gari. Sajini aliiomba. Aliomba vizuri, na akampisha kinyozi kiti cha mbele.

*

Saa tisa meli ilikuwa imefungwa gatini na ngazi imeshushwa. Mshauri alisimama mwisho wa ngazi katika suti yake, mikono mitupu. Nyuma yake Balozi. Nyuma ya Balozi, kwa mshangao wa wote, yule mzee wa mbele. Watu walianza kushuka, mmoja mmoja, wakishika kamba, wengine wamesahau namna ya kutembea juu ya kitu kisichoyumba. Mshauri alimpa mkono kila mmoja. Walioshuka hawakujua lolote. Walimwona bwana nadhifu ambaye amekuja kuwapokea kabla ya wote, na walimshukuru. Wanaume waliushika mkono wake kwa mikono miwili. Bibi mmoja alimbusu kiganja. Kufika mtu wa thelathini uso wake ulikuwa umelowa, na Balozi hakumpa kitambaa.

Bi Kwanini alisimama kando na kinyozi, nyuma ya kamba ya polisi. Alimhisi akikakamaa kabla hajamwona mwanamke aliyekuwa anashuka, mtoto mgongoni, mwingine mkononi.

Mwanamke alifika chini. Alimpa Mshauri mkono, akaushikilia.

“Baba, jina lako silijui,” alimwambia. “Lakini nitakuombea. Kila nikipiga goti, nitakuombea.”

Mshauri aliuinamia mkono ule.

Bi Kwanini aliinua kamba. “Nenda kamchukue mkeo,” alimwambia kinyozi. “Na ukitaka, mwambie huyo anayemwombea ni nani. Una haki.”

Kinyozi alikuwa ameshapita chini ya kamba. Aligeuka mara moja tu.

“Mwache amwombee, mama,” alisema. “Huyo anahitaji.”

Akakimbia.